Mpala, kijiji cha mwambao chenye jina la mtu

Mtu mwenye kutoka Kalemie kwa bwato, akifuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenda kusini, kabla ya kufika Moba anakuta fasi mto Lufuko unapoingia ziwani. Pale ndipo Mpala. Leo ni kijiji cha wavuvi na walimaji katika teritware ya Moba, provensi ya Tanganyika. Watoto wa masomo wanajua jina lake juu ya vitabu vya historia: mwaka 1883 Storms na boma lake, mwaka 1885 Mapadri Weupe, mwaka 1887 Kapiteni Joubert. Wanajifunza hayo kama vile kabla ya 1883 pale palikuwa mchanga na nyasi tu. Kumbe Mpala ni jina la mtu. Alikuwa sultani, mwenye udongo, na yule mzungu alipofika ilibidi kwanza aombe ruhusa kwake.

Watu wa mwambao huu ni Watabwa, pamoja na Waholoholo na wengine waliovuka ziwa kwa nyakati mbalimbali. Kwa Watabwa ukoo unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na sultani akifa, anayeriti ni ndugu yake wa tumbo moja ao mtoto wa dada yake, si mtoto wake mwenyewe. Naomba msomaji ashike neno hili, maana tutalirudilia mbele. Udongo nao ulikuwa na wenyewe wasioonekana: ngulu, roho zenye kukaa katika milima, mapango na mawe makubwa. Sultani alikuwa mlinzi kati ya watu na ngulu zile. Kwa hiyo kumupa mgeni kiwanja haikuwa kazi ya kupima metre na kuweka miti ya mpaka.

Katika karne ya 19 mwambao ulichafuka. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa walitoka upande wa mashariki, Tabora na Ujiji, wakavuka ziwa na bunduki. Wakubwa fulani wa hapa kwetu walijifunza kazi ile haraka. Mmoja wao alikuwa Lusinga, mwenye ngome yake kule milimani, juu ya mwambao. Mwingereza Joseph Thomson alipita kwake mwaka 1879 na akamuandika vibaya sana. Ni kweli kwamba wasafiri wa wakati ule waliandika vibaya karibu kila sultani asiyewainamia. Lakini hatuwezi kumsafisha Lusinga: alishika watu, na wengi wao Watabwa wenzake, akawauza. Wazee wenye kumusifu leo juu ya kupigana na mzungu wanaruka ukurasa huo.

Tarehe 4 Mei 1883 Luteni Émile Storms alifika pa Lufuko, akitoka Karema ngambo ya mashariki. Alitumwa na shirika la Mfalme Leopold II, lile lililosema linakuja kwa ajili ya sayansi na kuzuia biashara ya watumwa. Sultani Mpala alimpokea, wakafanya undugu wa damu. Wengi wanacheka leo: wanasema mzee aliuza inchi juu ya vitambaa. Mimi sioni hivyo. Mpala alikuwa na Lusinga juu ya kichwa chake, mwenye bunduki nyingi kumupita. Mgeni mwenye bunduki, mwenye kujenga boma la matofali mbele ya kijiji, alikuwa msaada. Na undugu wa damu kwa desturi yetu unafunga pande mbili: ndugu hawezi kukuibia wala kukuacha peke yako vitani. Mpala alifanya siasa kama chefu yeyote mwenye akili. Shida ni kwamba mwenzake hakuhesabu ule undugu sawa naye. Watu walimuita Storms Bwana Boma, na kisha muda mfupi alikuwa anatoza kodi na kukata maneno kama yeye ndiye sultani.

Mwezi wa kumi na mbili, mwaka 1884, Storms alituma watu wake kwa Lusinga. Waliingia kwake kama wageni, wakacheza na kupiga bunduki juu kwa furaha, kisha wakamuua. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Mpala. Vichwa vya wakubwa wengine wawili, Maribou na Mpampa, navyo viliingia katika mizigo ya Storms alipopanda njia ya kurudi Ubelgiji mwaka 1885, pamoja na sanamu ya mti ya mkoo wa Lusinga. Kule Bruxelles daktari mmoja alipima vile vichwa na kuandika juu yao mwaka 1886, kama vile mtu anavyopima mifupa ya nyama.

Storms aliondoka juu Leopold alikuwa ameshapata Kongo yake upande wa magharibi, kwa njia ya mkutano wa Berlin. Mwambao wa Tanganyika haukuwa tena na faida kwake kwa wakati ule. Mpala na Karema akaviachia Kardinali Lavigerie na Mapadri Weupe. Ndugu wa damu alikwenda bila kuuliza mwenye udongo kama anakubali wageni wapya.

Wale mapadri walikuta boma lenye ukuta, na watu wakaanza kukimbilia ndani: mayatima, wanawake waliotoroka, watoto waliokombolewa kwa vitambaa na shanga. Walitoka makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hapa kijiji kilibadilika zaidi kuliko wakati wa Storms. Pakawa na watu wa misioni na watu wa sultani, wenye kukaa karibu lakini wenye sheria mbili. Mtu aliyekombolewa alikuwa hana ukoo pale, hana mjomba wa kumusemea. Baba yake na mama yake ni misioni. Joubert, mwanajeshi wa zamani wa Papa, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1842, alikuja mwaka 1887 kulinda kile kijiji na bunduki. Mwaka uliofuata alioa mwanamke wa hapa, na hakurudi kwao tena: alikufa karibu na Moba mwaka 1927. Tofauti yake na Storms ni hiyo, watu wanaikumbuka.

Masomo ya Mpala ndiyo yaliyomupokea Stefano Kaoze, kijana wa Kitabwa. Mwaka 1910 alianza kuchapisha maandiko yake juu ya mawazo ya Wabantu, na tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri, Mkongomani wa kwanza chini ya utawala wa Ubelgiji. Lakini wakati huo Mpala yenyewe ilikuwa imeshapungua. Misioni kubwa ilijengwa Kirungu mwaka 1893, kule juu Moba, fasi ya baridi. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Mali na kazi zikaenda kule. Mpala ikabaki na ziwa lake.

Na maisha ya ziwa yanafuata mwezi. Ndakala wanavuliwa butu, wakati wa giza, kwa taa. Zamani walichoma majani makavu mbele ya bwato, samaki wakija kwa mwangaza wakachotwa na lusenga, wavu wenye mti wa kushikia. Kisha zikaja taa za petroli zenye kupigwa pompi, na sasa ni taa ndogo za batri na za jua. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawakusanyiki, na mabwato yanabaki mchangani. Zile siku ndizo za kushona nyavu, za kwenda shamba la mihogo kusaidia wanawake, za vikao vya ukoo, za kumaliza matanga. Mtu wa mji akiita mkutano mwambao wakati wa giza atakuta wazee na watoto tu. Si bure kwamba Watabwa walichonga alama ya mwezi mpya, balamwezi, katika vitu vyao vya heshima, ile mistari ya pembe tatu yenye kufuatana.

Asubuhi kazi ni ya wamama. Wao ndio wanaonunua ndakala pa bwato, wanaanika mchangani, wanafukuza kuku na ndege, na mvua ikitisha wanakimbia na mikeka. Siku moja ya jua kali karibu inatosha. Mvua ikinyesha kabla, mali yote inaoza. Wamama wanajua bei ya Kalemie na ya Lubumbashi kuliko bwana zao. Mikebuka yenyewe inauzwa mibichi ao inakaushwa kwa moshi. Katika kipwa, tangu mwezi wa tano, upepo wa kusini unaamusha mawimbi, na kila mwaka kuna bwato lisilorudi.

Vita vilivyoanza 1998 vilivunja mengi. Watu wengi wa teritware ya Moba walivuka kwenda Zambia, wakakaa makambini miaka. Kurudi kwa meli kulianza 2007. Kisha ziwa lenyewe likapanda: mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, maji yalikula nyumba na michanga ya kuanikia kote mwambao. Mwaka huo huo wa 2024 uvuvi ulifungwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazae. Shauri ni jema, lakini mama mwenye kulipa masomo kwa ndakala alihesabu siku zile moja moja.

Inabaki habari ya vichwa. Mwaka 2018 mwandishi wa magazeti Michel Bouffioux aliitoa wazi kwamba vimo Bruxelles, katika nyumba ya sayansi ya asili. Mwaka 2022 wakubwa wa Ixelles waliondoa sanamu ya Storms iliyosimama katika uwanja wao. Mwaka ule ule Ubelgiji ilitoa sheria ya kurudisha vitu vya ukoloni, lakini haikugusa mifupa ya watu. Sasa kwetu watu wanabishana: kichwa cha Lusinga kikirudi, nani akipokee? Wa Kinshasa wanasema Leta. Wengine wanataka kiwekwe muze, watu walipe kuona. Wajukuu wa wale aliowauza wanauliza juu ya nini apewe heshima. Swali lao ni la haki, na lijibiwe wakiwa wamekaa palepale, si nyuma ya mgongo wao. Lakini kwa desturi ya Watabwa maiti ina wenyewe: ukoo wa mama. Wao ndio wenye kuosha, kuzika na kumaliza matanga. Matanga ya Lusinga hayajamalizika tangu 1884. Kazi ya kwanza basi ni kutafuta watoto wa dada zake, mwambao na milimani, kuwaita kwa majina yao, na kikao kiwekwe wakati wa mwezi mkubwa, ili na wavuvi wafike.