Ulimi na Tundu Lake

Nilipohamia Tunduma nilikwenda na kitanda kilichochongwa Pwani. Kiangazi cha kwanza hakijaisha, miguu ikaanza kucheza. Seremala wa huko alikifungua akanionyesha aibu iliyofichwa: kila ulimi wa mbao ulikuwa mwembamba kuliko tundu lake, na mwanya umejazwa vumbi la mbao lililokorogwa na gundi. Kwa nje, vanishi iling'aa kama kioo.

Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Mei na Oktoba hewa yake ni kavu. Mbao iliyozoea unyevu wa Pwani ikifika huko hunywea kwa upana. Kwa urefu hainywei ila kidogo mno. Vumbi na gundi haviwezi kuufuata mti unaponywea, hubanduka.

Wazee wetu waliujua ufundi huu. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti yake ilikuwa ya mbao, nayo imejengwa kwa ustadi. Huko Kairouan, Tunisia, ingalipo mimbari ya msaji ya karne ya 9, iliyoungwa kwa vipande zaidi ya 300. Na ile milango ya Unguja na Lamu tunayoipita kila siku, wengi wetu hutazama nakshi tu. Wewe tazama pembeni, pale mwimo unapokutana na kizingiti. Milango mingi ya kale haikuwa na bawaba. Kila ubao ulizunguka kwa ncha zake mbili, moja katika kizingiti cha juu, moja katika kizingiti cha chini. Basi uzito wa mbao ile nene ulibebwa na viungo vya pembe. Pembe ikilegea, mlango hufagia sakafu, na maua yote yale hayasaidii kitu.

Kazi yenyewe haitaki mashine. Tundu hukatwa kwanza, maana ulimi hupunguzika, lakini tundu likipanuka halirudi. Upana wake ni kama theluthi ya unene wa mti. Chora mistari pande zote mbili, toboa kwa keke, kisha safisha kwa patasi na nyundo ya mti, nusu upande huu na nusu upande ule, zikutane katikati. Ukipitisha patasi moja kwa moja utabandua upande wa pili. Ulimi ukatwe kwa msumeno nje ya mstari, si juu yake. Uingie kwa kusukumwa na kugongwa kidogo. Ukiingia wenyewe umekwisha kuharibu, na ukiulazimisha utapasua tundu. Mwisho hupigiliwa kijiti cha mti mgumu kupita vyote viwili.

Seremala wa Tunduma alichonga mbao za ubavuni upya, kwani ndimi za zamani hazikufaa. Siku mbili nzima alikuwa akijaribu ulimi, akiuchomoa, akiparua kidogo, akiurudisha. Gundi hakutumia hata tone.