Samaki wa manjano na baruti ya Tanga

Juma hili tuzungumze habari za samaki ambaye hakuna mama ntilie wa Tanga atakayehangaika kumkaanga. Urefu wake ni kama sentimita sita tu, rangi yake ya manjano, na ana vijistari vya samawati usoni. Hana magamba, mwili wake umefunikwa na ute mchungu ambao samaki wakubwa hawaupendi. Wataalamu humwita gobi, na ukoo wake una aina zaidi ya elfu moja. Huyu wa manjano huishi katikati ya matawi ya matumbawe, tangu Bahari ya Shamu hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1838 na Eduard Rüppell, Mjerumani wa Frankfurt.

Sasa samaki huyu, ambaye sisi hatumtii hata kwenye hesabu, wenzetu wa Ulaya na Marekani humfuga sebuleni. Humpenda kwa sababu ni mpole, hapigani na majirani, na hatafuti makuu. Lakini gharama yake! Maji yanatakiwa yawe na chumvi kama gramu 35 kwa lita, joto la nyuzi 25 au 26, na sehemu yake ibadilishwe mara kwa mara. Chakula ni vipande vidogo vya kamba, kidogo kidogo kila siku. Asiwekwe pamoja na samaki mla wenziwe. Na zaidi ya yote apewe matawi ya kukalia, kwa sababu juu ya matawi ndipo anapolala, anapojificha na anapotaga mayai.

Hilo la matawi wafugaji walichelewa kulielewa. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichoeneza shauku ya kufuga viumbe wa baharini majumbani. Watu wakakimbilia pwani na ndoo. Viumbe wengi waliobebwa humo walikufa. Kwa miaka mia moja hivi mafundi walihangaika na vioo, pampu na vichujio, hadi mwaka 1961 mtu wa Jakarta aitwaye Lee Chin Eng alipoeleza njia yake. Yeye alichukua mawe hai ya mwambani, yaliyojaa wadudu na mimea yake, akayaweka tangini na kupuliza hewa kidogo. Mawe yenyewe yakasafisha maji. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kufuga jiwe, na samaki angefuata.

Turudi Tanga. Katika miaka ileile ambayo Jakarta walikuwa wakitunza mawe, pwani yetu ilianza kuyavunja. Uvuvi wa baruti ulishika kasi Tanzania katika miaka ya 1960, na Tanga ikapata sifa mbaya kuliko sehemu nyingine nyingi. Sheria ilipiga marufuku mwaka 1970. Sisi tuliosoma shule ya msingi Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1990 tuliusikia mshindo huo kutoka baharini asubuhi, mwalimu akanyamaza kidogo kisha akaendelea na hesabu. Tuliuzoea kama king'ora cha kiwanda.

Mshindo ule hupasua kibofu cha hewa ndani ya samaki. Wachache huelea, wengi huzama na hawaokotwi. Mvuvi huondoka na changu zake, akaenda zake sokoni, na pale chini matawi yote yamekuwa kifusi. Gobi wetu, hata kama alinusurika, hana tena pa kukaa.

Ni rahisi kumlaumu mvuvi peke yake. Lakini baruti haichimbwi baharini; ilitoka kwenye machimbo na kwenye kazi za barabara, mikononi mwa watu waliokuwa na vibali. Tena tusisahau kwamba hata elimu iliwahi kushika utambi. Profesa J.L.B. Smith wa Afrika Kusini, yule aliyemtambulisha duniani samaki wa kale silikanti, alitumia baruti kukusanya samaki katika safari zake za pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1959 akachapa kazi kubwa juu ya magobi wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Simvunjii heshima marehemu, lakini inastahili kusemwa: tuliwafahamu baadhi ya samaki hawa kwa njia ileile iliyowafukuza.

Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi ya pwani ya Tanga, kwa msaada wa Ireland na shirika la IUCN, ukaendelea hadi 2007. Vijiji kama Kigombe vilikaa chini, vikakubaliana kufunga baadhi ya miamba na kufanya doria. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa jambo la maana kuliko yote, maana kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanalinda jiwe badala ya kuhesabu kilo. Hata hivyo mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yawe meupe na kufa, na baadaye milipuko ikarudi kwa nguvu. Hifadhi ya silikanti ilitangazwa Tanga mwaka 2009, na bado baruti ililia. Mpaka operesheni za miaka ya 2017 na 2018 ndipo ilipopungua sana.

Kimya hicho wazamiaji wanakifurahia, na mimi pia. Lakini kifusi bado kipo. Kila kusi linapovuma mawimbi hukibingirisha huku na huku, na tumbawe changa haliwezi kushika kwenye jiwe linalobingirika.