Shilingi 150 na mgomo uliozimwa

Januari 22, 1962, wiki sita baada ya Uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanganyika na kiti kikamwangukia Rashidi Kawawa. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walikuwa wakimfahamu vizuri. Wengine walimwona kwenye sinema akiigiza katika Muhogo Mchungu, na wengi zaidi walimjua kama katibu mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955. Mtu aliyezunguka nchi akiwafundisha makuli, wapishi na watu wa reli namna ya kudai mshahara sasa alikuwa kiongozi wa serikali.

Mwaka huohuo serikali yake ilifanya mambo mawili. Iliweka misingi ya kima cha chini cha mshahara cha kiwango kisichowahi kuonekana nchini, pamoja na sheria ya kiinua mgongo. Kisha ikapitisha sheria iliyofanya mgomo uwe karibu haramu. Masimulizi yetu ya historia huyatenganisha haya, moja likiwa ushindi wa mfanyakazi na lingine jambo la siasa za chama kimoja. Mimi nayasoma kama mapatano ambayo upande mmoja haukuitwa mezani kuyatia saini.

Ili kuelewa kwa nini mapatano hayo yalikubalika, lazima turudi kwenye kipande.

Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakuonekana kama mtu aliyekosana na tajiri wake. Alikuwa mhalifu. Angeweza kutozwa faini au kufungwa. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kazi ilihesabiwa kwa kadi ya siku 30, nayo ndiyo kipande. Nyapara aliweka alama siku ile tu ambayo mtu amemaliza kazi aliyopimiwa. Ukiugua, hakuna alama. Ukishindwa kumaliza kukata majani uliyopangiwa, hakuna alama. Mwezi wa kipande kwa hiyo haukuwa mwezi wa kalenda, ungeweza kuchukua wiki sita, na mshahara ulisubiri kadi ijae.

Waliojaza kadi hizo wengi walikuwa manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Walikuja bila wake wala watoto, wakalazwa kambini na kupewa posho ya unga na maharage. Hesabu ya mshahara ilisimama juu ya dhana hiyo: mwanamume mmoja, tumbo moja. Mkewe na watoto walidhaniwa kuwa wanalishwa na shamba la kijijini, na uzee wake nao ungelelewa na ukoo. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kasulu aliyelima muhogo wake alikuwa akimchangia mwenye shamba la mkonge wa Korogwe bila kujua. Kenya nako hesabu ilikuwa ileile, mpaka kamati ya mwaka 1954 iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi, F. W. Carpenter, ilipokiri kwamba mshahara wa bachela hauwezi kujenga mji wala kiwanda, ikapendekeza usogezwe hatua kwa hatua ufikie mahitaji ya familia.

Makuli wa bandarini hawakusubiri kamati. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa ikitegemea vibarua wa siku, waliojazana getini alfajiri wakingoja kuchaguliwa. Meli ikichelewa, hakuna kazi, na kodi ya chumba Kariakoo haijui habari za meli. Waligoma kabla ya vita na wakati wa vita. Mgomo mkubwa ulikuja Septemba 1947, miezi michache baada ya Mombasa nayo kusimama kwa mgomo wa jumla wa Januari. Ulianza kwa makuli, ukaingia mjini, ukapanda treni ya reli ya kati hadi miji ya bara. Serikali ya kikoloni iliunda baraza la usuluhishi, mishahara ikapanda, na makuli wakapata chama chao. Kikaishi miaka isiyozidi mitatu. Mgomo wa mwaka 1950, uliotokana na ubishi juu ya utaratibu mpya wa kuita watu kazini, uligeuka ghasia, na chama kikavunjwa.

Hata hivyo somo lilikuwa limebaki: mshahara hupanda pale kazi inaposimama. Ndiyo elimu ambayo TFL iliisambaza baada ya mwaka 1955, ikipata msukumo kutoka kwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam waligoma na TANU, chama kilichoongoza harakati za Uhuru, ikawaunga mkono kwa kuwataka watu wasinywe bia hiyo. Mwaka huo pia kulikuwa na mgogoro mkali kwenye shamba la mkonge la Mazinde. Mwaka 1960 watu wa reli, chini ya Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Chama cha siasa na vyama vya wafanyakazi vilikuwa pamoja kama chanda na pete, angalau hadharani.

Uhuru ulipokuja, pete ikaanza kubana.

Serikali mpya iliunda bodi ya kima cha chini, mwenyekiti wake akiwa Mwingereza Donald Chesworth. Matokeo ya kazi yake yalikuwa mshahara wa shilingi 150 kwa mwezi mjini Dar es Salaam, na viwango vya chini kidogo kwingineko. Kwa mtu aliyezoea posho na kipande, hicho kilikuwa kiasi cha kumfanya ahesabu upya maisha yake: kuleta mke mjini, kupeleka mtoto shule, kuacha kukimbilia kijijini kila msimu wa mvua. Nia ya serikali ilikuwa hiyohiyo, kupata wafanyakazi wa kudumu badala ya wapita njia. Sheria ya kiinua mgongo ya mwaka 1962 ilimlazimisha mwajiri amlipe mtu kwa miaka aliyotumika wakati wa kuachana naye, na kwa hiyo ikawa ghali kumchukulia mtu kama chombo cha kuokota na kutupa.

Gharama nayo ilikuwepo, na si haki kuificha. Wenye mashamba walifanya hesabu zao. Walipunguza vibarua, wakaongeza kipimo cha kazi kwa waliobaki, na bei ya mkonge ilipoanza kushuka katikati ya muongo huo wakaendelea kupunguza. Ajira kwenye mkonge zilipungua kwa makumi ya maelfu katika miaka michache. Aliyebaki kazini alikula vizuri kuliko baba yake. Aliyeachwa alirudi Songea au Kigoma, na hakuna bodi iliyomwita kutoa maoni.

Sasa upande wa pili wa mizani. Sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi ya mwaka 1962 ilitaka kila mgogoro upite kwa wasuluhishi na kisha kwenye baraza ambalo uamuzi wake ni wa lazima. Njia yenyewe ilikuwa ndefu kiasi kwamba mgomo halali ukabaki jina tu. Sheria nyingine ilivitaka vyama vyote viwe chini ya shirikisho litakalotambuliwa na serikali. Watumishi wa ngazi za juu serikalini wakazuiwa kujiunga na vyama. Hoja ya Nyerere haikuwa ya kipuuzi. Wafanyakazi wa mishahara walikuwa wachache mno mbele ya mamilioni ya wakulima, na katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka huo alionya juu ya vyama vinavyotaka kujichotea fungu kubwa bila kujali wengine. Alikuwa na hoja. Lakini kuna tofauti kati ya kumwambia mtu asidai zaidi ya haki yake na kumwondolea njia pekee ya kudai.

Tumbo alikuwa amepelekwa London kuwa balozi. Alijiuzulu na kurudi kuanzisha chama cha upinzani. Mwenzake wa TFL, Michael Kamaliza, alichagua njia nyingine akawa waziri.

Januari 1964 askari wa kambi ya Colito waliasi. Wakati serikali ikirudisha utulivu kwa msaada wa majeshi ya Uingereza, baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walishikwa wakituhumiwa kula njama na waasi. Mwezi uliofuata TFL ilivunjwa kwa sheria, ikazaliwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, chini ya mwavuli wa TANU. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Ada ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Na katibu mkuu wa kwanza alikuwa Kamaliza, ambaye wakati huohuo alikuwa Waziri wa Kazi.

Katika mwaka huohuo, Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama wa Kazini, na hapa ndipo mapatano yanapoonekana waziwazi. Kwa mara ya kwanza mwajiri hakuweza kumwambia mtu "kesho usije" kwa sababu hakupenda sura yake. Palikuwa na orodha ya makosa na adhabu zake, kuanzia onyo hadi kufukuzwa. Palikuwa na kamati za wafanyakazi kazini ambazo mwajiri alitakiwa kuzishauri kabla ya kuadhibu. Asiyeridhika alikwenda kwenye baraza la usuluhishi, na kutoka hapo kwa waziri. Uamuzi wa waziri ulikuwa wa mwisho, mahakama hazikuruhusiwa kuugusa. Fikiria basi mfanyakazi wa mwaka 1965 aliyefukuzwa, anayekata rufaa kwa waziri ambaye ndiye kiongozi wa chama chake. Akishindwa, amshtaki nani kwa nani?

Na bado wengi walishinda. Nisingependa msomaji adhani kwamba sheria ile ilikuwa karatasi tupu, kwa sababu waajiri waliilalamikia kwa miaka mingi, na malalamiko ya waajiri ni kipimo kizuri cha sheria ya kazi. Iliwalinda watu mmojammoja. Ilichokosa ni kuwaruhusu wakiwa wengi wazungumze kwa sauti yao wenyewe. Tume ya Rais iliyochunguza NUTA ilikuta wanachama wengi wanaona chama hicho ni idara nyingine ya serikali. Kamaliza mwenyewe alikamatwa mwaka 1969 pamoja na mwanasiasa Bibi Titi Mohamed katika kesi ya uhaini, akafungwa.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1971, pale Mwongozo wa TANU ulipowakemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko mabosi wao. Ikaja mifululizo ya migomo viwandani, mingi ikihusu meneja anayetukana watu kuliko mshahara. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimweka mwenye mali nje wakaendelea kuzalisha wenyewe. Wengine walipotaka kufuata njia hiyo walikutana na polisi. Msomi wa sheria Issa Shivji aliyaandika mambo haya kwa undani, na ni jambo la kushangaza kwamba wanafunzi wetu wa sekondari hawayakuti kwenye vitabu vyao.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 ulikula kima cha chini mpaka mwalimu akawa muuza maandazi jioni. Mashirika ya umma yakabinafsishwa, watu wakapunguzwa, na neno "kupunguzwa" likaingia kila nyumba ya mjini.

Mageuzi makubwa yaliyofuata yalikuja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ilizika sheria ya mwaka 1964 ikaleta nyingine ya kisasa: saa 45 kwa wiki, likizo ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84 au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi badala ya waziri. Mgomo ukarudi kuwa haki. Lakini lazima usuluhishi ushindikane, kura ipigwe, na taarifa ya saa 48 itolewe.

Haki hiyo ilijaribiwa mwaka 2010. TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la wakati huo, ilitaka kima cha chini cha shilingi 315,000 na kutangaza mgomo wa nchi nzima. Rais Jakaya Kikwete aliwaita wazee wa Dar es Salaam akawaeleza kwamba serikali haina fedha hizo, na kwamba asiyetaka kazi aiache. Mgomo haukufanyika.

Ndiyo maana kila Mei Mosi watumishi wa umma hukaa uwanjani wakiwa wamevaa fulana mpya, wakisubiri nambari itoke jukwaani. Miaka kadhaa wakati wa Rais John Magufuli nambari haikutoka. Mwaka 2021 Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliomba apewe mwaka mmoja, na mwaka 2022, siku chache baada ya Mei Mosi, ikatangazwa asilimia 23.3. Mwaka 2025 Singida alitangaza asilimia 35.1, kima cha chini serikalini kikapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, na ilistahili. Ila makubaliano ya mezani, ya kujadiliana kifungu kwa kifungu huku kila upande ukijua mwingine unaweza kuondoka, hayana nafasi kwenye sherehe ya aina hiyo.

Sekta binafsi haina jukwaa hilo. Inategemea amri za mishahara. Zilitoka mwaka 2007, 2010 na 2013, kisha zaidi ya miaka tisa ikapita kabla ya amri nyingine kuanza kutumika Januari 2023. Kiwango cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake kilikuwa chini kuliko vyote, naye ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuomba kikao, kupiga kura ya mgomo au kutoa taarifa ya saa 48 kwa mama mwenye nyumba.