Mikunjo, Kutu na Mamilioni: Jinsi Katuni Kuukuu Zilivyoanza Kupewa Alama

Februari 2010, nakala ya Action Comics namba 1, toleo lililomleta Superman kwa mara ya kwanza, ilinunuliwa Marekani kwa dola milioni 1. Kabla Machi haijaisha, nakala nyingine ya toleo hilohilo ikauzwa kwa milioni 1.5. Hadithi zilizomo ni zilezile, na jaladani Superman analiinua gari lilelile la kijani. Kilichozitenganisha ni alama ya hali ya nakala, ambayo kilele chake ni 10: ya kwanza ilipewa 8.0, ya pili 8.5. Nusu alama ikabeba nusu milioni.

Toleo hilo lilipotoka mwaka 1938, kila nakala iliuzwa senti 10, na mchapishaji hakutarajia iishi zaidi ya mwezi mmoja. Karatasi ilikuwa ya gazeti, iliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi asilia ya mti. Lignini ikikutana na hewa na mwanga huigeuza karatasi kuwa ya njano, kisha ya kahawia. Asidi iliyomo huendelea kuila hadi ukurasa unavunjika kwenye kona ukiguswa tu. Pini mbili za mgongoni zilikuwa za chuma cha kawaida, kwa hiyo penye unyevu zilipata kutu na kutia doa kurasa za katikati. Juu ya hayo wapo watoto, walioviviringisha vitabu hivyo, wakavitia mfukoni, wakabadilishana na wenzao. Aliyeona jinsi gazeti la katuni la Sani lilivyozunguka Dar es Salaam mkono kwa mkono, hadi jalada likapotea na hadithi ikaanzia ukurasa wa tatu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kilichosazwa na watoto kiliangamizwa na wakubwa. Muuza magazeti aliyebakiwa na nakala hakurudisha kitabu kizima. Alichana kipande cha juu cha jalada chenye jina, akakirudisha hicho ili afidiwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali iliomba karatasi chakavu kwa ajili ya jeshi, na vitabu vya katuni vyenyewe viliwahimiza wasomaji wavitoe. Mwaka 1948, katika miji kama Spencer, West Virginia, na Binghamton, New York, vilichomwa moto hadharani kwa madai kwamba vinaharibu watoto. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu chake cha kuvishutumu, Baraza la Seneti likaitisha vikao, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za kujidhibiti. Wazazi wengi hawakuhitaji kushawishiwa zaidi. Mkusanyaji wa leo anayelalamikia moto ule asisahau kwamba bila huo mali yake isingekuwa mali.

Wakati huohuo, mtu mmoja alikuwa akifanya kinyume. Huko Concordia, Kansas, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, Harvey Hollinger, aliyejulikana kama Pop, alinunua katuni zilizosomwa na kuziuza tena. Alijua zinavyochakaa, basi alizibandika utepe kwenye mgongo na kuziongezea pini ili zivumilie. Alifanya hivyo kwa kujali kabisa. Leo nakala iliyopita mikononi mwake huonekana imeharibiwa, na utepe ule huishushia alama. Hollinger alihifadhi vitabu visomwe. Waliomfuata walivihifadhi vibaki kama vilivyotoka kiwandani. Kipimo tulicho nacho sasa ni cha hao wa pili.

Hao walijitokeza miaka ya 1960, watu wazima waliotaka kuurudia utoto wao. Mwaka 1961 Jerry Bails alianzisha jarida la mashabiki, Alter Ego, na biashara ya posta ikashika kasi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Dukani mnunuzi hukishika kitabu, akakifunua, akanusa karatasi. Kwa posta hutegemea maneno ya mtu asiyemjua aliyeko majimbo matano mbali, na maneno ya muuzaji yana tabia ya kusahau mikunjo.

Dawa ilitoka kwa wakusanyaji wa sarafu, waliougua maradhi hayo mapema zaidi. Tangu mwaka 1949 walikuwa na kipimo cha William Sheldon cha alama 1 hadi 70. Robert Overstreet wa Cleveland, Tennessee, aliyekuwa amekusanya sarafu kabla ya katuni, alitoa mwongozo wake wa bei mwaka 1970. Kila toleo alilipangia bei kwa hali tatu tu, kuanzia iliyochakaa lakini nzima hadi iliyo kama mpya. Action Comics namba 1 ya hali ya juu aliiwekea dola 300. Kuna walioiona bei hiyo kuwa ya kichaa, lakini angalau sasa wagomvi walikuwa na kitabu kimoja cha kugombania.

Mwaka 1977 kipimo chenyewe kilipata mtihani. Familia ya Edgar Church, mchoraji wa matangazo wa Denver, ilikuwa ikiondoa vitu nyumbani kwake, na Chuck Rozanski, mfanyabiashara kijana wa katuni wa huko Colorado, akaitwa kuangalia. Alikuta takriban vitabu 18,000, vingi vya miaka ya 1930 na 1940, vimepangwa kwa marundo marefu mahali penye giza. Hewa ya Colorado ni kavu na ya baridi. Uzito wa rundo ulivinyoosha vitabu na kuzuia hewa kupenya. Kurasa zilikuwa nyeupe na wino uling'aa. Rozanski aliviuza juu ya bei ya mwongozo, wenzake wakapiga kelele, kisha wakanunua. Ilibainika kwamba nakala nyingi zilizodhaniwa kuwa za hali ya juu zilikuwa za wastani tu.

Tangu hapo jicho la mkusanyaji likawa kali. Huanzia mgongoni, akitafuta vijistari vyeupe pale wino ulipokatika kwa kufunguliwa. Hutazama kona kama zimeviringika, pini kama zina kutu, kurasa za katikati kama bado zimeshikwa. Kisha huhesabu kurasa, na hapa mtego mkubwa ni The Incredible Hulk namba 181 ya mwaka 1974, ambamo shujaa Wolverine anatokea kikamilifu kwa mara ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na stempu ya karatasi ambayo kampuni ya uchapishaji ya Marvel iliwataka watoto waikate na kuikusanya. Mtoto mtiifu akachukua mkasi. Nje kitabu kinang'aa, ndani kina dirisha, na thamani yake imeporomoka. Lakini si kila alama ya mkono ni dosari: jina la mvulana mmoja wa Nebraska, lililoandikwa dukani kwa penseli ili awekewe nakala yake, sasa ni kithibitisho cha asili kinachopandisha bei.

Miaka ya 1990 ilileta wenye pesa wasiosoma. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilichapwa nakala milioni 8 hivi, na wanunuzi wengi wakaziweka kwenye plastiki siku ileile. Zipo hadi leo, safi kabisa, na kwa wingi huo nakala ya kawaida haina bei ya maana. Soko likaanguka; Desemba 1996 Marvel ikaomba kinga ya kufilisika.

Mwaka 2000 ilianza kampuni ya CGC, ndugu ya kampuni ya kupima sarafu. Unaipelekea kitabu, wapimaji wanakikagua, kinafungwa ndani ya kasha gumu la plastiki na kupewa alama kati ya 0.5 na 10. Lebo ya buluu ni ya kitabu cha kawaida, ya zambarau ni ya kilichokarabatiwa kwa rangi, gundi au kukatwa kingo. Juu ya 9.0 kuna 9.2, 9.4, 9.6, 9.8, 9.9 na 10, tofauti ambazo msomaji wa kawaida hawezi kuziona hata akipewa lenzi. Kitabu hakisomeki tena bila kuvunja kasha. Kwa maoni yangu ndipo kilipogeuka hati ya thamani, na sishangai kwamba mwaka 2021 kampuni ya uwekezaji ya Blackstone ilinunua hisa nyingi za kundi linaloimiliki CGC.

Pasi nayo ikaingia kazini. Joto, unyevu na shinikizo huondoa mikunjo ambayo haikukata wino, na CGC haihesabu hilo kuwa ukarabati. Mwaka 2012 kundi hilohilo lilinunua kampuni inayopiga pasi. Anayenyoosha na anayetoa alama wakawa chini ya paa moja, jambo ambalo baadhi ya wakusanyaji hawajalisamehe. Mwishoni mwa 2023 likazuka jingine: vitabu vya hali ya chini vilikutwa ndani ya makasha yenye lebo za vitabu vingine vya alama za juu.

Biashara haikusimama. Mwenye 9.4 huvunja kasha, hupiga pasi, hupeleka tena akiomba 9.6. Asiporudisha lebo ya zamani, rejesta ya kampuni huhesabu kitabu kimoja mara mbili, na anayeitumia kujua ni nakala ngapi zimebaki duniani anahesabu pia vitabu ambavyo havipo.