Mwarobaini

Mwarobaini, wingi wake miarobaini, na katika matamshi ya wengi wa pwani mwarubaini, ni mti wa ukoo mmoja na mkangazi, wenye asili ya Bara Hindi na Burma, uliovuka bahari pamoja na watu wa huko hata ukaota katika nyua, misikiti na kandokando ya barabara za Afrika ya Mashariki, kwa kuwa hustahimili ukame na hauchelewi kutoa kivuli. Wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica.

Ada ya Kiswahili ni kuupa mti jina kutokana na tunda lake, kama mwembe kwa embe na mchungwa kwa chungwa. Lakini mwarobaini hauzai arobaini, wala hapana aliyepata kuiokota chini yake. Jina lake ni hesabu iliyovikwa kiambishi cha miti, nayo hesabu yenyewe ni ya Kiarabu, kama zilivyo ishirini, thelathini na hamsini, ambazo Waswahili walizikubali wakayaacha makumi mawili na makumi manne ya wahenga wao. Maelezo yanayotolewa kila mahali ni kwamba mti huu hutibu maradhi arobaini: homa, upele, minyoo, maumivu ya meno na mengineyo, na kwamba majani, magome, mizizi na mbegu vyote ni dawa.

Ukimwomba mtu akutajie maradhi hayo moja baada ya moja, aghalabu atafika saba au kumi kisha atacheka. Wala si ajabu, maana arobaini katika maisha ya pwani si idadi tu bali ni ukomo wa jambo lililotimia. Mzazi hukaa ndani siku arobaini ndipo atoke. Maiti husomewa hitima ya arobaini ndipo wafiwa warejee katika shughuli zao. Na mwizi naye, kwa kauli ya watu, ana siku zake arobaini, ambazo hapana askari aliyezihesabu. Kwa hiyo jina halidai orodha. Ladai ukamilifu, na anayelipinga kwa kuhesabu magonjwa amelifahamu visivyo.

Mataifa mengine yaliutazama mti huu kwa jicho jingine. Wahindi huuita nim, kutokana na nimba ya Kisanskriti, lugha ambayo pia huuita arishta, yaani usiodhurika. Wareno waliouonja waliona uchungu wake, ulio kama wa shubiri, wakauita amargosa, na kutoka hapo likazaliwa margosa, jina lililotumiwa sana katika vitabu vya Kiingereza vya zamani. Wahausa wa Nigeria, ambao hawakushughulika na dawa wala uchungu, waliuita dogonyaro, maana yake kijana mrefu, jina ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye furaha kuliko yote.

Jina la kitaalamu lina mkasa wake. Waajemi walikuwa na mti waliouita azad-derakht, yaani mti huru, nao ulikuwa mwenziwe wa karibu, si mwarobaini wenyewe. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alipoandika kitabu chake cha mimea mwaka 1753 alilitumia jina hilo moja kwa miti yote miwili, kwa tofauti ya herufi chache: mmoja akauita Melia azedarach na wa pili Melia azadirachta. Mwaka 1830 Mfaransa Adrien de Jussieu aliutenga mwarobaini katika jenasi yake, lakini jina la Kiajemi akaliacha pale pale. Kutoka hapo limerithiwa na azadiraktini, kiini kilichotolewa katika mbegu mwaka 1968, ambacho huwafanya nzige na wadudu wengi waache kula. Ifahamike pia kwamba mafuta ya mbegu hizo, pamoja na sifa zake zote, yamepata kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa.

Siku hizi neno limetoka mtini likaingia magazetini, ambako mwarobaini wa foleni za mjini au wa migogoro ya ardhi ni suluhisho lolote linalotumainiwa kuimaliza shida kabisa, hata mwandishi akiwa hajapata kutafuna jani lake.

Yule mwenzi wa Kiajemi wa mwarobaini naye amefika kwetu, akapandwa bustanini kwa ajili ya maua yake ya zambarau, ambapo ya mwarobaini ni meupe. Majani yake yamegawanyika mara mbili, ya mwarobaini mara moja tu. Na matunda yake yana sumu, jambo ambalo mwenye kuchuma dawa hana budi kulijua. Wengine huuita mmelia, na wengine mwarobaini nusu, wala hapana anayemaanisha kwamba unatibu maradhi ishirini.