Kivu: sheria iliyotaka shahidi wa mwaka 1885

Juni 1981, Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ilitunga sheria mpya ya uraia. Mzaire wa asili, ilisema, ni yule ambaye mmoja wa wazazi au mababu zake alitoka katika kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya nchi ya Agosti 1, 1885.

Nani angetoa ushahidi huo? Mwaka 1885 Kivu, mashariki mwa nchi, haikuwa na daftari la vizazi, na utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ulikuwa haujafika huko. Mpaka wa mashariki wenyewe ulikubaliwa mwaka 1910 kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza.

Wasemaji wa Kinyarwanda ndio walioumia zaidi. Wa Bwisha, wilayani Rutshuru, waliukuta mpaka umechorwa wao wakiwa kwao. Wa milima ya Mulenge walihamia na ng'ombe wao kabla ya ukoloni. Wa Masisi wengi walihamishwa na Wabelgiji kuanzia mwaka 1937, wakafanye kazi mashambani. Wengine walikuja kama wakimbizi kutoka Rwanda kuanzia mwaka 1959. Hizo ni historia nne tofauti, lakini karani wa serikali hakuwa na karatasi ya kuzitenganisha. Alibaki na jina la mtu, lugha yake na sura yake.

Tena, sheria ya mwaka 1972 ilikuwa imewapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kuishi Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Mwaka 1982 vyeti vilivyotolewa chini ya sheria hiyo vilifutwa. Haki ya kupiga kura na ya kumiliki ardhi ikatiliwa shaka, na majirani wenye ugomvi wa mashamba wakapata silaha ya kisheria.

Aprili 1995, bunge la mpito liliazimia kuwarudisha makwao Wanyarwanda na Warundi. Oktoba 1996, naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa Wanyamulenge, yaani wale wa milima ya Mulenge, wiki moja waondoke. Waende wapi watu ambao babu zao wamezikwa Uvira na Fizi? Vita vilikuwa vimekwisha kuwaka, na Mei 1997 Rais Mobutu alianguka.

Sheria ya mwaka 2004 imesogeza kipimo hadi uhuru wa 1960. Ni nafuu, ila bado inauliza kabila kabla ya kumuuliza mtu. Serikali inaweza kuthibitisha mahali mtu alipozaliwa na alipoishi. Ikidai asichoweza kukithibitisha yeyote, raia huachwa mikononi mwa mwenye nguvu.