Daftari la Karani

Mwaka 1986 mwalimu mmoja mstaafu alifika chuoni kwetu, kofia mkononi, akitaka barua ya kuthibitisha kwamba alisomea ualimu hapo. Bila barua hiyo malipo yake ya uzeeni yasingeanza. Mwaka aliojiunga hakuukumbuka vizuri, na rejista zetu zilipangwa kwa mwaka, si kwa jina. Tulizisoma mstari kwa mstari. Jina lake tulilipata siku ya tatu. Mimi, mkuu wa chuo, niliona haya.

Aliyetutoa katika aibu ile ni karani wa masijala, kijana asiye na maneno mengi. Alinunua daftari, akaorodhesha majina yote kuanzia A hadi Z, na mbele ya kila jina akaandika rejista na ukurasa. Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba wataalamu wa kompyuta nao walipambana na taabu hiyohiyo.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM kule San Jose, Marekani, alichapisha makala akipendekeza kumbukumbu zipangwe katika majedwali, na mwenye kuuliza aseme tu anachotaka, bila kulazimika kujua kimewekwa wapi. Kabla ya hapo mtunga programu alipaswa kuijua njia mwenyewe, kama tarishi ajuaye kila kabati. Wengi walihofu kwamba mashine ingechelewa mno. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi: mashine isiyojua njia husoma kila mstari, kama tulivyofanya sisi.

Fahirisi ya mfano wa mti, waliyoibuni Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing na kuichapisha mwaka 1972, ilipunguza hofu hiyo. Tuseme kila panda ina matawi 100: hatua tatu tu zinatosha kulifikia jina moja kati ya 1,000,000! Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM wakaeleza jinsi mashine inavyoweza kukadiria gharama ya kila njia kabla ya kuanza kazi, kisha ikachagua iliyo nafuu.

Walakini mashine haimwokoi asiyejua kuuliza. Mimi nilikuwa nikimtuma tarishi alete jalada moja, akirudi namtuma la pili, hata yakafika arobaini, ilhali ningempa orodha moja tangu mwanzo. (Alinivumilia sana, maskini.) Mjukuu wangu, mtunga programu, anasema kosa hilo lingalipo. Zikitakiwa makala 20 kwenye skrini, programu huuliza kwanza orodha ya makala, kisha hurudi kuuliza jina la mwandishi wa kila moja. Hizo ni safari 21, na moja ingetosha.

Fahirisi nayo ina gharama yake, kwani kila kinachoingia huandikwa mara mbili. Mashine huandika bila kunung'unika, ila muda hulipwa. Binadamu huchoka. Karani wetu alihamishwa, na mrithi wake hakuona haja ya kazi hiyo. Siku ninastaafu nililikuta lile daftari kabatini, limeishia mwaka 1989.